Viti Hamsini: Shajara ya Mradi wa Wanaokaa Kimya

Jumamosi, 4 Januari 2025. Busia, upande wa Uganda.

Naanza kuandika kwa sababu wiki iliyopita nilifanya kosa ambalo sitaki lirudiwe na kiongozi mwingine wa klani yetu, wala na mimi.

Klani yetu, yaani kundi letu la wachezaji wa Clash of Clans, mchezo wa vita wa kwenye simu, ina viti 50. Ndivyo mchezo unavyoruhusu, kiti cha 51 hakipo. Kilichotukutanisha ni Kiswahili: 14 tuko Busia, Malaba na Tororo, 9 wako Kampala, 6 Bombo, 5 Arua, 7 makazi ya wakimbizi ya Nakivale, 6 ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zetu wa Kenya, na 3 Bukoba. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini iko mitaa mingi ambako ukiamka unakitamani huna wa kuzungumza naye. Humu ndani tunazungumza. Ndiyo maana kiti kimoja kina uzito.

Tarehe 28 Desemba tulikuwa na vita vya watu 15 kwa 15. Kila mtu ana mashambulizi mawili, jumla 30. Yaliyotumika yalikuwa 17. Tulishindwa kwa nyota tatu. Usiku ule nikafungua orodha ya wanachama, nikaangalia nani michango yake ya askari, yaani askari wa mchezo anaowapa wenzake, ni sifuri au karibu na sifuri, nikawatoa watu 11. Sikumuuliza mtu. Kazi yote haikufika dakika tano.

Jana usiku ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa dada wa Tororo: "Kaka, nimefungua mchezo nikakuta sina kwetu. Nimekosa nini?"

Huyu dada mwezi Novemba ndiye aliyechangia askari wengi kuliko sisi wote. Nikampigia. Alikuwa hospitalini wiki tatu anamuuguza mama yake, wodi nzima ina soketi moja ya umeme, wanachajia simu kwa zamu. Mama karuhusiwa kurudi nyumbani, naye usiku wa kwanza kitandani mwake akafungua mchezo apumzishe mawazo. Akakuta kijiji chake cha mchezoni kiko peke yake, nje ya klani.

Nilimwomba radhi, nikamrudisha papo hapo. Kisha nikamwomba jambo la pili: tuufanye huu mradi pamoja. Amekubali. Yeye ndiye mshika daftari.

Alhamisi, 9 Januari.

Nimewatafuta wote 11. Kazi yangu ni kibanda cha mobile money na ufundi mdogo wa simu, kwa hiyo kupiga simu hakunishindi. Kinachochukua muda ni kupata namba, maana wengine tunawajua kwa jina la mchezo tu.

Wanne wameacha mchezo kabisa, wamesema wazi, hawana kinyongo. Wawili walikwenda kijijini kwa Krismasi, huko mtandao unapatikana ukipanda mlima. Mmoja ni dada wa Tororo. Mmoja ni askari, sisi tunamwita Afande, alihamishiwa Karamoja ghafla na simu yake ya kawaida akaiacha kwa mkewe. Mmoja ni dada wa Nakivale, ambaye aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Simu ilikufa kioo, kaka. Nilikuwa natafuta makuta ya kuitengeneza." Makuta ni pesa. Wawili hawajapatikana.

Hesabu hiyo imenikosesha usingizi. Kati ya 11, niliokuwa na haki ya kuwatoa ni wanne, na hao wanne wangetoka wenyewe kama ningewauliza. Watano niliwafukuza nyumbani kwao wakiwa na shida au safari.

Watano hao wamerudi, isipokuwa Afande. Afande ametuma salamu kupitia mkewe: kiti chake apewe mwingine mpaka atakaporudi, ila jina lake lisifutwe. Neno hilo limenikaa. Kumbe mtu anaweza kukiachia kiti bila kuiacha klani.

Jumamosi, 18 Januari.

Leo imetimia miaka minne tangu intaneti irudi baada ya ule uchaguzi wa 2021. Ilizimwa jioni ya tarehe 13 Januari, kesho yake ikawa kura, ikarudi tarehe 18. Nakumbuka vizuri kwa sababu tulikuwa vitani. Wenzetu wa Kenya waliona klani imekufa ghafla: watu thelathini na kitu hawajibu, hawachangii, hawashambulii. Sisi wa Busia tulikuwa na nafuu kidogo. Mwenye laini ya Kenya alisogea karibu na mpaka, akanasa mawimbi ya upande wa pili, akapigana mashambulizi yake akiwa amesimama kando ya barabara katikati ya malori. Nilikuwa mmoja wao.

Nimeikumbusha habari hii kwenye grupu la viongozi kwa sababu mmoja wetu amependekeza sheria nyepesi: siku tano kimya, nje. Sheria hiyo ingekuwepo mwaka ule, ingefuta klani nzima upande wa Uganda kwa kosa lisilo la mtu yeyote kati yetu.

Jumatatu, 27 Januari.

Jambo la kiufundi, lakini ndilo msingi wa daftari. Msimu wa mchezo huisha Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi kwa saa zetu. Hapo hesabu za michango zinarudi sifuri kwa kila mtu. Ukifungua orodha saa tatu ya siku hiyo utaona watu 50 wavivu. Ukifungua saa moja utaona ukweli. Kwa hiyo dada wa Tororo leo ameamka mapema, akapiga picha za skrini za orodha yote, kisha akazihamishia kwenye daftari kwa mkono.

Daftari lenyewe ni lile gumu la dukani, la mistari, nami nina nakala yangu kibandani. Tumekubaliana tuangalie dalili nne za uhai, tusitegemee moja: michango ya askari, mashambulizi ya vita, uvamizi wa wikendi ambao klani nzima hushambulia kwa pamoja, na salamu. Ya nne inawashangaza wenzangu. Lakini mzee wetu wa Bombo huwa hashambulii wiki nzima, na kila asubuhi anaandika "Amkeni wanangu" kwenye maongezi ya klani. Huyo yupo. Asiyetoa dalili hata moja kati ya nne ndiye tunayemwandika kimya, na siku zinaanza kuhesabiwa hapo.

Safu ya tano tumeiita "Sababu". Leo karibu yote ni tupu.

Jumamosi, 1 Februari.

Siku ndefu, na nadhani ndiyo siku niliyoelewa mradi huu unahusu nini.

Jumatatu shule zinafunguliwa kwa muhula wa kwanza. Tangu asubuhi barabara imejaa mabodaboda yaliyofungwa magodoro, ndoo na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Saa tisa hivi akaja kibandani kijana wa klani yetu, yuko kidato cha nne mwaka huu. Nilikuwa namjua kwa jina la mchezo, na sauti yake kwa simu, lakini hatukuwahi kuonana. Akatoa simu mfukoni imezimwa, imeviringishwa kwenye soksi ya shule, akaiweka juu ya kaunta.

"Kaka mkubwa, shuleni hawaruhusu simu. Nyumbani wadogo zangu wataivunja. Naomba uniwekee."

Nikamwambia hapa haina shida, droo ina kufuli. Hakuondoka. Akabaki anaisogezasogeza ile soksi kwa kidole.

"Na usinitoe. Mwaka jana nilitolewa muhula wa pili na muhula wa tatu. Kila likizo naanza kuomba kuingia kama mgeni."

Nilitaka kumwambia hakuna aliyejua. Lakini kweli hakuna aliyeuliza. Muhula ni karibu miezi mitatu, na tulikuwa na mazoea ya kumtoa mtu akifikisha mwezi. Maana yake tulikuwa tunawafukuza wanafunzi wa bweni mara tatu kwa mwaka, na kuwapokea mara tatu, na kila mara wanarudi na cheo cha chini. Wengine hawakurudi. Tukawa tunasema vijana hawana msimamo.

Akaniuliza kama naweza kumchezea kidogo kidogo asionekane kimya. Nimekataa. Sheria za Supercell, kampuni yenye mchezo, haziruhusu akaunti kushikwa na mtu wa pili, na hata kama zingeruhusu, sitaki daftari letu liwe na uhai wa uongo. Badala yake nimelifungua mbele yake, nikaandika kwenye safu ya Sababu: bweni. Kisha nikachora safu ya sita, nikaipa jina "Anarudi". Akaniambia mwanzo wa Mei. Nikaandika Mei.

Hadi jioni nilikuwa nimeshawapigia viongozi wote waulize wanafunzi wao. Tunao tisa wa bweni. Watu tisa kati ya 50.

Jumatano, 12 Februari.

Wiki ya bando. Mimi naona kwenye kazi yangu: kuanzia karibu na katikati ya mwezi watu wananunua bando la siku badala ya la wiki, na wengine hawanunui. Kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021 ikaja asilimia 12 kwenye data yenyewe, kwa hiyo sasa unailipa hata ukicheza tu. Watatu wa Arua wako kimya siku nane. Nimewapigia, wote wamesema mwisho wa mwezi. Imeandikwa.

Jumamosi, 1 Machi.

Leo viongozi tumevutana kwa saa mbili.

Msaidizi wangu wa Malaba, mtu ninayemheshimu sana na mpiganaji bora kuliko mimi, amesema mradi huu unawalea wasiokuwepo na kuwaumiza waliopo. Hoja yake nzito: kati ya viti 50, tisa ni vya bweni, kimoja cha Afande, wawili wanauguza, wanne hawana bando. Wapiganaji wanaoomba kuingia tunawakataa kwa kukosa nafasi. Akamalizia kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo.

Hakuna aliyemjibu haraka, maana anasema kweli kuhusu hesabu. Uvamizi wa wikendi unahesabu jumla ya mashambulizi ya klani yote, na kiti kilicholala kinapoteza mashambulizi matano, sita ukiongeza lile la ziada. Ligi ya vita inahitaji watu 15 kwa siku saba mfululizo, kila mtu shambulio moja kwa siku, na ukikosa watatu tu kila siku umeshuka daraja.

Aliyejibu ni mzee wa Bombo. Amesema methali hiyo ni ya mtu aliyetoka bila kuaga. Aliyeaga, lake linawekwa. Ukienda safari jirani anakutunzia kuku wako, hawi mwizi wala wewe huwi mzembe. Akauliza: je, sisi tumewahi kumpa mtu mahali pa kuagia?

Hatujawahi. Mchezo wenyewe hauna kitufe cha kuaga. Una ngao ya kijani na nyekundu ya kusema uko tayari kwa vita au hapana, basi. Nyekundu haisemi ni kwa wiki ngapi wala kwa nini.

Tumemaliza kwa mapatano ambayo msaidizi wa Malaba ameyakubali, na mengine ameyapendekeza yeye: tufungue nyumba ya pili.

Alhamisi, 6 Machi.

Nyumba ya pili imefunguliwa. Kuanzisha klani mpya kunagharimu dhahabu 40,000 za mchezo, kitu ambacho mtu yeyote mwenye kijiji cha kawaida anapata kwa shambulio moja. Jina ni letu lile lile na neno "Pumziko" mwishoni. Nembo ni ile ile. Dada wa Nakivale amejitolea kuwa kiongozi wake, kwa sababu simu yake bado ina kioo kilichopasuka nusu na vita vinamshinda, lakini kupokea watu hakumshindi.

Utaratibu ni huu. Anayejua ataondoka anaaga kwenye maongezi ya klani au WhatsApp, anataja sababu akitaka, asipotaka hatumlazimishi, ila tarehe ya kurudi lazima. Anahamia Pumziko mwenyewe. Cheo chake kinaandikwa kwenye daftari, akirudi anakikuta. Kiti chake kinapewa mpiganaji aliyeambiwa mapema kwamba anakikalia kwa muda.

Kwa asiyeaga: siku ya saba mmoja wetu anamtumia ujumbe binafsi. Siku ya kumi na nne anapigiwa simu, au anatafutwa kupitia mtu wa mji wake. Siku ya thelathini, kama hakuna dalili hata moja, anatolewa, na namba ya kijiji chake, ile inayoanza na alama ya reli (#), inabaki daftarini ili akijitokeza tumwalike bila kumhoji.

Kasoro tunaiona: mtu hawezi kuhamishwa na mwingine. Wanafunzi tisa wameshaondoka, simu zao ziko kwenye droo kama ile yangu. Hao tumewaacha kwenye viti vyao muhula huu. Ni haki yao, sisi ndio tuliochelewa.

Ijumaa, 14 Machi.

Ramadhani. Nusu ya klani imegeuza saa. Mchana watu wa Bombo na Arua hawaonekani kabisa. Usiku wa manane, wakati wa daku, michango inamwagika: leo saa kumi alfajiri kulikuwa na maombi ya askari yaliyojibiwa kabla sijamaliza kuyasoma. Kijana mmoja wa Kampala, mgeni kidogo, alikuwa ameshaandika kwenye grupu kwamba wa Bombo wamelala mwezi mzima. Dada wa Tororo, ambaye yeye si Mwislamu, amemtumia picha ya hesabu ya michango na saa zake. Kijana ameomba radhi hadharani. Nimefurahi zaidi kwa ile radhi kuliko kwa michango.

Jumatatu, 31 Machi.

Idi mubarak kwa wenzetu. Asubuhi dada wa Tororo ameamka tena kabla ya saa mbili akapiga picha zake.

Mwezi huu mchezo umebadilika: kusubiri askari wafunzwe kumeondolewa. Zamani jeshi likiisha ulikaa dakika nyingi ukisubiri jingine, sasa unashambulia na kushambulia tena. Wawili kati ya wale wanne walioacha mchezo wamesikia habari hiyo, wakarudi kuuliza kama wanakaribishwa. Mmoja aliniambia aliogopa kuuliza. Nimemwonyesha jina lake daftarini, halikufutwa.

Jumamosi, 3 Mei.

Shule zimefungwa jana. Kijana wa soksi alifika kibandani saa mbili asubuhi, kabla sijafungua mlango wote. Simu ilikuwa imeisha chaji kabisa, tukaichaji pale pale, naye akakaa kwenye benchi akiangalia alama ya betri. Ilipowaka akafungua mchezo. Hakusema kitu. Alinionyesha tu skrini: jina lake, chini yake neno la cheo chake cha mzee wa klani, kama alivyoliacha.

Sasa niandike na kosa la wiki hii, maana shajara isiyo na makosa haimfai anayekuja nyuma yetu. Wanafunzi walirudi kwenye michezo wote kwa pamoja, na wale watatu wa Bukoba waliokuwa Pumziko nao wakaomba kurudi jana Ijumaa. Niliwafungulia saa saba mchana. Wikendi ya uvamizi ilikuwa imeshaanza tangu saa nne asubuhi, na wote watatu walikuwa wameshashambulia wakiwa Pumziko. Aliyeshambulia nyumba moja hawezi kushambulia nyumba nyingine wikendi hiyo hiyo. Kwa hiyo tumewapokea watu watatu na mashambulizi sifuri, na wapiganaji wawili waliwapisha viti. Msaidizi wa Malaba alikuwa na haki ya kukasirika na amekasirika.

Kuanzia leo kuhama ni Jumanne hadi Alhamisi tu. Si wakati wa vita pia: mtu akitoka vita vikiendelea, kijiji chake kinabaki kwenye ramani kinapigwa, na mashambulizi yake yanapotea asiporudi.

Jumapili, 25 Mei.

Kesho muhula wa pili. Safari hii tulianza wiki mbili mapema. Wanafunzi wote tisa wamehamia Pumziko wenyewe, Jumatano na Alhamisi, kila mmoja ameandika tarehe. Dada wa Nakivale anawaita "wanangu wa bweni" na amewawekea ujumbe wa kuwapokea. Viti tisa vimejazwa na wapiganaji, wanane kati yao kutoka Kenya na Bukoba, marafiki wa marafiki.

Nilimwuliza mzee wa Bombo tuwafanyeje hawa wanaokalia kwa muda. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo kila mmoja alipewa kazi siku ya tatu: huyu achangie joka, yule apange mashambulizi ya uvamizi. Hakuna aliyelalamika.

Jumatatu, 9 Juni.

Mmoja wa vijana wa Kampala anasoma kompyuta chuoni. Ametuandikia programu ndogo inayosoma data za klani kutoka kwa Supercell na kuziweka kwenye jedwali: michango iliyotolewa, iliyopokewa, vikombe, cheo. Kazi nzuri sana, inamwokolea dada wa Tororo kuamka alfajiri.

Mambo mawili tumejifunza. Ufunguo wa data hufungwa kwenye anwani ya IP, yaani namba ya kifaa mtandaoni, na intaneti yake ya simu hubadilisha anwani kila mara, kwa hiyo programu ilikataa kila siku ya pili. Ameihamishia kwenye kompyuta ya rafiki yake yenye anwani isiyobadilika. La pili ni kubwa zaidi: data hizo hazimwambii mtu mara ya mwisho uliingia lini, na haziwezi kumwambia mama yako anaumwa. Daftari limebaki. Jedwali linatuonyesha nani amenyamaza. Safu ya Sababu bado inajazwa kwa simu.

Ijumaa, 11 Julai.

Hili nimelichelewesha wiki nzima.

Yupo mwanachama wa Arua, wa siku nyingi, aliyekuwepo nasi tangu kabla ya 2021. Alinyamaza tarehe 2 Juni. Siku ya saba alitumiwa ujumbe, alama moja ya kijivu, haukufika. Siku ya kumi na nne nilipiga, namba haipatikani. Nikamwomba mwenzetu wa Arua aulizie. Akaenda hadi dukani alikokuwa anafanya kazi, akaambiwa alihama, huenda Juba, huenda Koboko. Siku ya thelathini ilifika tarehe 2 mwezi huu.

Nilitaka kumwacha. Dada wa Tororo, aliyefukuzwa na mimi Desemba, ndiye aliyesema hapana. Alisema tofauti ya Desemba na leo ni kwamba leo tumemtafuta, na kama tukimwacha kwa sababu tunampenda, yule mwanachama mwingine wa Malaba tuliyemtoa Aprili kwa utaratibu huu huu atauliza kwa nini yeye hakupendwa.

Basi nimemtoa leo. Mchezo unakuruhusu kuandika maneno machache unapomtoa mtu. Desemba niliacha pale patupu mara kumi na moja. Leo nimeandika: "Ndugu yetu, tumekutafuta bila kukupata. Kiti kimepewa mwingine, jina lako liko daftarini. Ukirudi, bisha tu."

Sijui kama atayasoma. Nimekaa kidogo na simu mkononi, mteja akagonga kaunta, nikaendelea na kazi.

Jumamosi, 23 Agosti.

Likizo tena. Saba kati ya tisa wamerudi hadi jioni hii. Mmoja wa waliobaki amehamia shule ya kutwa, kwa hiyo yeye hatahitaji Pumziko. Mwingine baba yake amesema hatapewa simu mpaka matokeo yaonekane. Tumeandika: matokeo.

Hesabu ya miezi minane, kama dada wa Tororo alivyonisomea. Waliowahi kunyamaza zaidi ya wiki: 38. Walioaga kabla: Februari mmoja tu, Julai na Agosti kumi na wanne. Waliotolewa kwa utaratibu: sita. Kati ya hao sita wawili wamerudi kubisha. Vita vya mwezi huu tulitumia mashambulizi 28 kati ya 30, na msaidizi wa Malaba ameandika namba hiyo kwenye grupu peke yake, bila neno jingine.

Afande ametuma picha kutoka Karamoja, amenunua simu ndogo. Yuko Pumziko tangu jana.

Jumapili, 14 Septemba.

Kesho muhula wa tatu, na huu ni mzito. Kijana wa soksi ni mtahiniwa wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, mitihani ya kidato cha nne ni Oktoba na Novemba. Alikuja leo baada ya ibada, amevaa shati la kanisani, sanduku likiwa tayari juu ya boda. Alishahamia Pumziko Jumatano.

Soksi ni ile ile. Nilifungua droo, nikaipokea simu, nikavuta daftari nimwandikie. Akaniuliza kama anaweza kuandika mwenyewe. Nikampa kalamu.

Kwenye Sababu aliandika "mtihani". Kwenye Anarudi alifikiri kidogo, akaandika "Desemba, siku nitakayotoka." Kisha akashuka mstari mmoja chini, kwa mdogo wake anayeanza bweni mwakani, akaandika jina la kijiji chake na kuacha safu zote mbili wazi.

Nimempeleka hadi kwenye boda. Keshokutwa Jumanne nafungua viti vinane.